Naomba ushauri: majira ya baridi yamekuwa ya joto, mipichi yangu haieleweki. Nipulizie dawa ya kuiamsha au nisubiri?

Mkulima wa Mteremkoni (mleta mada)

Habari zenu wanajamvi. Nimekuwa msomaji wa kimya kwa muda mrefu, na leo naandika kwa sababu usingizi umeniruka. Nina mipichi 240 katika ukanda wa nusutropiki, karibu na latitudo ya nyuzi 30, kwenye mwinuko ambako majira ya baridi ni mafupi lakini ni ya kweli: usiku joto hushuka hadi nyuzi 2 au 3 za Selsiasi, na asubuhi kadhaa jalidi huonekana juu ya nyasi. Mwaka huu baridi ilikuja vizuri kwa wiki tano za mwanzo, kisha ikatoweka. Kwa siku 26 sasa mchana unafika nyuzi 24 hadi 27, mawingu yanatanda usiku, na kipimajoto changu hakijashuka chini ya nyuzi 11. Zimebaki wiki sita hivi kabla majira haya hayajaisha.

Swali langu ni moja. Je, nipulizie haidrojeni sianamidi ili miti iamke kwa pamoja, au nisubiri baridi irudi? Naomba pia kujua kama ni kawaida macho ya tawi (matumba ya maua na majani yaliyofumba) kugeuka rangi ya kahawia baada ya dawa hiyo. Wenye uzoefu nijibuni mapema, kwa maana dawa ikichelewa inakuwa hasara juu ya hasara.

Baba Mizinga

Pole sana ndugu yangu. Mimi ni mfugaji wa nyuki, mipichi siijui, lakini joto la namna hii nalijua vizuri. Nyuki wakiona jua kila mchana hutoka kutafuta chakula, huku maua hakuna, na malkia naye huanza kutaga kana kwamba majira yamebadilika. Wakishakuwa na watoto, lazima kiota kikae kwenye nyuzi 34 au 35 usiku na mchana, na kazi hiyo huliwa na asali. Mwaka mmoja nilikwenda kuinua mzinga ambao kwa kawaida huinuliwa na watu wawili, nikauinua peke yangu kwa mkono mmoja. Nilibaki nimeushika pale pale, moyo ukinidunda, kabla hata sijafungua kifuniko. Kama una mizinga shambani, iinue kesho asubuhi, usingoje.

Mpima Mvua

Mleta mada, pole. Umeeleza mengi ila umeruka yale mawili ambayo bila hayo hakuna anayeweza kukushauri. Mipichi yako ni ya aina gani, na tangu baridi ianze imepata saa ngapi za baridi, yaani saa zilizo chini ya nyuzi 7.2 ambazo mti huzihitaji kabla ya kuamka?

Mkulima wa Mteremkoni

Ahsanteni. Mizinga sina, nategemea nyuki wa porini. Mpima Mvua, mipichi yangu ni ya aina nzuri, yenye matunda makubwa ya njano, matamu sana. Miti ina miaka saba na afya yake ni njema. Nimeongeza mboji, nimepogoa kwa wakati, na maji hayana shida. Ninachohofia zaidi ni kwamba baadhi ya maua yameshaanza kuchanua kwenye matawi ya juu, na baridi ikirudi ghafla yataungua. Kwa hiyo naona dawa ndiyo njia, ili yote yachanue pamoja na nijue moja.

Msafiri wa Kusini

Mipichi yako imeamshwa usiku wa manane ikadhani kumekucha! Lakini tusidhani ni bustani yako tu. Tarehe 26 Agosti 2024, mwishoni mwa majira yao ya baridi, kituo cha Yampi Sound nchini Australia kilipima nyuzi 41.6, na hiyo ikawa rekodi ya nchi nzima kwa majira hayo. Mwaka mmoja kabla yake, mwanzoni mwa Agosti 2023, Buenos Aires ilivuka nyuzi 30 wakati ambapo watu walipaswa kuvaa makoti. Mgandamizo mkubwa wa hewa ukishakaa mahali pamoja na kukataa kusogea, hewa baridi kutoka upande wa ncha ya dunia hukosa njia, na upepo wa upande wa ikweta hupata nafasi ya kuingia. Mawingu ya usiku nayo hufunika joto la ardhi lisipande juu, ndiyo maana kipimajoto chako kimegoma. Jambo hili linanihuzunisha kuliko ninavyoweza kueleza.

Mpima Mvua

Msafiri, umesema kweli, ila tumsaidie mwenzetu kwanza. Mkulima, "aina nzuri" si jina la aina. Nakuuliza tena kwa heshima: ni aina gani?

Mkulima wa Mteremkoni

Ni Elberta. Saa za baridi nilizohesabu ni 290.

Najua mtakachosema, kwa hiyo niseme mapema. Aliyeniuzia miche alinihakikishia kwamba inafaa kwa mwinuko wangu, na kwa misimu minne mfululizo imezaa bila tatizo. Sikupanda kwa kubahatisha.

Bi Sikitu

Mwanangu, nisikilize bila kukasirika. Elberta inahitaji saa 800 hivi za baridi. Ukipanda mti wa namna hiyo pembeni kabisa mwa ukanda unaoufaa, umeweka riziki yako yote juu ya hali ya hewa ambayo hukuipanga wewe. Marehemu mume wangu alipanda miplamu kwa mapenzi ya namna hiyo hiyo. Mwaka ambao baridi haikuja tulikaa chini ya miti iliyokuwa na majani machache kiasi kwamba kivuli chake hakikutosha mtu mmoja. Alikuwa akiyashika matawi kama mtu anayempapasa mgonjwa. Haraka ya kupata tunda kubwa ilitugharimu miaka, na vijana wa leo nawaona wakirudia yale yale kwa kuwa tu muuzaji amesema maneno matamu.

Mpima Mvua

Bi Sikitu, shikamoo, na pole kwa marehemu. Sasa Mkulima, tuhesabu pamoja.

Hesabu ya saa chini ya nyuzi 7.2 ni ya zamani na ni rahisi, lakini haioni joto la mchana. Mwaka 1974 watafiti wa Utah walitengeneza hesabu nyingine, ambayo saa iliyo kati ya nyuzi 2.5 na 9.1 hupewa alama kamili, na saa iliyozidi nyuzi 16 hupunguza alama zilizokwisha kupatikana. Kwa hesabu hiyo, siku zako 26 hazikukunyima baridi tu, zinaonekana kama zimekula hata akiba. Ila katika maeneo yetu ya joto hesabu ile huwa kali kupita kiasi. Mwaka 1987 watafiti walioshughulikia mipichi nchini Israel walieleza jambo linaloingia akilini zaidi: baridi hujenga kwanza kitu cha muda ndani ya jicho la tawi, na joto linaweza kukivunja kikiwa bado kichanga, lakini kikishafika kiwango chake hugeuka kuwa akiba ambayo joto la baadaye haliwezi kuifuta. Maana yake, sehemu kubwa ya ulichokusanya katika zile wiki tano bado ipo.

Hata hivyo, saa 290 hazifiki nusu ya mahitaji ya Elberta. Haidrojeni sianamidi huziba pengo la mwisho kwa mti ambao tayari umepata sehemu kubwa ya baridi yake. Haiwezi kuwa badala ya majira mazima. Tena hupuliziwa macho yakiwa yamelala kabisa, kiasi cha mwezi mmoja au mwezi na nusu kabla ya kuamka kwa kawaida, na matumba ya maua ya mipichi ni mepesi kuungua. Wewe una maua tayari. Usipulizie.

Asiyeamini

Samahani wakuu, lakini mimi hii naiona ni chai. Mleta mada anasema miti haijapata baridi, na hapo hapo anasema inachanua. Mti ambao haujashiba baridi haufunguki, na uliofunguka umeshashiba. Jambo la pili ni zito zaidi. Katika andiko la kwanza anauliza kama macho hugeuka kahawia "baada ya dawa hiyo". Mtu ambaye bado anajiuliza kama apulizie, rangi hiyo ameiona wapi? Ama hana shamba, ama kuna jambo anatuficha. Tunapoteza muda kumhesabia mtu saa za baridi za miti ya kufikirika.

Fundi Kupogoa

Kwa hoja ya kwanza, Asiyeamini, nakupinga. Nimepogoa mipichi kwa miaka mingi, na mti uliokosa baridi ndivyo unavyokuwa: hauamki wote, wala haulali wote. Maua hutoka moja moja kwa wiki nyingi, na ncha za matawi huota majani mapema huku macho ya ubavuni yakibaki yamefumba. Hoja ya pili ajibu mwenyewe.

Mkulima wa Mteremkoni

Shamba lipo. Nimesoma maneno ya Asiyeamini mara tatu, na nimeona ni haki nijibu yote.

Nimesimama asubuhi hii mbele ya mti wa safu ya nne. Kwenye tawi moja lenye urefu wa mkono wangu kuna maua mawili ya waridi yaliyofunguka kabisa, moja limeanza kupukutika. Kwenye ncha pana kishungi cha majani membamba ya kijani. Katikati ya ncha na maua hayo nimehesabu vifundo 14, kila kimoja kina macho matatu kama kawaida: mawili manene yenye manyoya ya kijivu, ambayo ni ya maua, na moja jembamba katikati yao, ambalo ni la majani. Yote yamefumba. Nikigusa yale manene kwa kidole, mengine yanaanguka mkononi bila hata kuvutwa.

Na ndiyo, nimeshapulizia. Siku kumi zilizopita nilipulizia miti 120, upande wa chini wote. Sikusema kwa sababu nilijua mngeniambia nilikosea, nami nilitaka kwanza kusikia kama ningekuwa sahihi. Macho yalikuwa yamevimba kidogo tu, na niliona kusubiri ni kukubali kushindwa. Dawa ya nusu ya pili ipo stoo, na nilikuwa nimepanga kuipulizia kesho kutwa.

Asiyeamini

Ndugu yangu, nimekusikia. Naondoa neno langu la chai na nakuomba radhi. Hakuna atungaye macho yanayoanguka mkononi.

Mpima Mvua

Ahsante kwa ukweli wako. Kabla ya miti, niambie wewe na waliokusaidia mko salama. Dawa hiyo huchoma ngozi na macho, na anayekunywa pombe siku za karibu na kuipulizia, kabla au baada, anaweza kuugua vibaya. Umoja wa Ulaya ulikataa kuiidhinisha mwaka 2008 kwa sababu ya hatari kwa wanaoitumia.

Kuhusu jalidi, hofu yako ina msingi. Katika jimbo la Georgia nchini Marekani, mwaka 2023, majira ya baridi yalikuwa na joto, mipichi ikachanua mapema, kisha baridi kali ya Machi ikaondoa zaidi ya asilimia 90 ya mavuno. Jicho lililoanza tu kuvimba linaweza kuvumilia hadi karibu nyuzi 7 chini ya sifuri, wakati ua lililofunguka huanza kufa likifika nyuzi 2.8 chini ya sifuri. Kwa hiyo miti 120 iliyobaki, ikiwa imefumba, iko salama zaidi ikiachwa ifumbe. Kuiamsha ni kuivua nguo baridi ikiwa bado mlangoni.

Fundi Kupogoa

Chukua wembe mpya. Katika kila upande kata macho 30 ya maua kutoka miti tofauti, kwa upande wa mapana, si kwa urefu. Jicho hai lina kitovu cha kijani hafifu au rangi ya maziwa. Lililokufa lina kitovu cheusi au cha kahawia, kama mbegu iliyooza. Andika hesabu ukiwa pale pale shambani, halafu urudi hapa.

Mkulima wa Mteremkoni

Mpima Mvua, tulikuwa wawili, tulivaa glavu na miwani, na hakuna anayekunywa. Tuko salama.

Fundi, nimerudi. Upande niliopulizia, macho 30: yaliyokufa 21, yaliyo hai 9. Upande ambao sijapulizia, macho 30: yaliyokufa 8, yaliyo hai 22. Nilikata mengine kumi ya upande wa chini kwa kuwa sikutaka kuamini, nikapata saba meusi.

Fundi Kupogoa

Macho 22 kati ya 30 ni maua mengi. Mpichi wenye afya hubeba maua mengi kuliko matunda unayoyahitaji, na kila mwaka wewe mwenyewe hupunguza yaliyozidi kwa mkono. Upande wa juu unaweza kukupa mavuno, japo yatakomaa kwa mafungu na utachuma mara nyingi. Usipogoe tena sasa. Upande wa chini majani yatachelewa na yatakuwa machache, kwa hiyo jua litapiga magome moja kwa moja na kuyapasua. Changanya rangi nyeupe ya maji na maji kiasi sawa, upake shina na matawi makubwa yanayotazama jua la mchana.

Baada ya hapo, fikiria kubebesha miti ya chini vikonyo (vipande vya matawi vya kuunganisha) vya aina zisizohitaji baridi nyingi. Chuo Kikuu cha Florida kimezalisha aina kama Flordaprince, ambayo saa 150 huitosha. Shina na mizizi ya miaka saba unayo tayari, hutaanza upya.

Bi Sikitu

Mwanangu, hiyo iliyobaki stoo irudishe kwa aliyekuuzia. Usiiweke pale ukaitazama kila siku.

Mkulima wa Mteremkoni

Nitairudisha kesho, Bi Sikitu, na ahsante. Kubebesha bado sijakubali moyoni, kwa sababu ladha ya Elberta naijua na ya hizo nyingine siijui. Nitaanza na miti kumi ya safu ya chini kabisa. Rangi nyeupe nimeshaikoroga, na mtoto wangu anaendelea kupaka safu ya kwanza hivi ninavyoandika. Mchana huu ni nyuzi 26.