Jua likianza kushuka, shata la chumba cha kuoshea magari linagoma kufunga. Nifanyeje?

MamaPovu (Arusha)

Wakuu, habari za jioni. Nazungumzia sensa ya mlango, si ile ya watu na makazi, msije mkaniuliza kaya yangu ina watu wangapi.

Ninaosha magari huku Kwa Mrombo. Mwaka huu nilijenga chumba kimoja cha kufungwa kwa ajili ya magari ya utalii, maana yakirudi kutoka Serengeti yana vumbi mpaka kwenye mikanda ya viti, na wenyewe wanayataka alfajiri yakiwa yanang'aa. Nikafunga shata la mota, yaani mlango wa bati unaopanda na kushuka kwa umeme. Gari likiingia shata linashuka, tunapiga povu na presha humo ndani, tukimaliza linapanda. Kwenye miimo ya mlango, kama sentimita 40 kutoka chini, kuna sensa, yale macho mawili yanayotazamana, moja linarusha mwanga na lingine linaupokea, ili shata lisimshukie mtu.

Mwezi wa sita lilifanya kazi safi. Kuanzia mwisho wa mwezi wa tisa, ikifika saa kumi na moja jioni, shata linashuka nusu, linasita, linapanda tena lenyewe. Ukibonyeza tena, yale yale, mpaka jua lizame. Na hiyo ndiyo saa yangu ya biashara! Juzi tumeamua kupiga povu mlango ukiwa wazi, upepo ukaja na vumbi la barabara, lote likaganda kwenye Land Cruiser ya watu. Dereva alinitazama tu, hakusema neno. Afadhali angenitukana.

Fundi wa kwanza alisema sensa imekufa. Nikanunua nyingine, ikagoma siku hiyo hiyo. Wa pili anasema maji yameingia kwenye boksi la kontrola, ile inayoiamuru mota. Lakini siku za mawingu halisumbui kabisa. Naombeni ushauri kabla sijamwita wa tatu.

Kibopa_Sanawari

Dada, hiyo ndogo sana. Mwambie fundi azirukie hizo sensa, aunganishe waya moja kwa moja ili kontrola ijue njia iko wazi muda wote. Dakika tano tu. Geti langu nyumbani liko hivyo mwaka wa pili huu.

FundiShata

Mama, usithubutu. Niliwahi kuitwa mahali walipofanya hivyo hivyo. Shata lilishukia buti la gari dogo lililokuwa linarudi nyuma, na kijana alikuwa ameinama hatua moja pembeni anasuuza bampa. Bati lilikunjika kama sahani ya foili. Kibopa, kwako linapita gari lako na la mkeo. Pale kuna vijana wanainama chini ya mlango kutwa nzima, masikio yamejaa kelele za presha.

Sasa nijibu. Mlango unatazama wapi? Jicho la kupokea liko mwimo upi? (Hesabu waya: la kurusha mara nyingi lina mbili tu za umeme, la kupokea lina nne au zaidi.) Halafu kesho likigoma, mtu asimame alikinge jicho la kupokea lisipigwe na jua, kwa kofia au kipande cha boksi, bila kukata njia kati ya macho mawili. Uje utuambie.

Chalii_wa_Njiro

Bandika tinted nyeusi kwenye hilo jicho, kama ya vioo vya gari.

FundiShata

Chalii, macho hayo yanaongea kwa mwanga usioonekana, infraredi, na jua nalo limejaa infraredi. Tinted ikilipunguza jua inaipunguza na sauti ya mwenzake. Unakuwa umewafunga wote wawili mdomo.

MamaPovu

Nimerudi. Leo saa kumi na moja na robo lilipogoma nikamwambia kijana akinge kwa kofia yake. Shata likashuka mpaka chini kimyaaa. Tukalipandisha, akaondoa kofia, likagoma. Tumerudia mara tatu, vijana wakageuza mchezo. Mlango unatazama kusini, Mlima Meru uko mgongoni. Jicho la waya nyingi liko mwimo wa mashariki.

FundiShata

Basi mgonjwa tumempata. Jicho la mashariki linatazama magharibi, kwa hiyo jioni linalikodolea jua. Mwenzake anarusha mwanga wa kukonyeza, haraka haraka, na lenyewe linasubiri mikonyezo hiyo. Ni kama mtu akupungie tochi ya simu huku jua linakupiga usoni: tochi inawaka lakini huioni. Kontrola ikikosa mikonyezo inadhani kuna kitu katikati, inapandisha shata. Imetengenezwa hivyo makusudi, ikose upande wa usalama. Kwa hiyo sensa yako ya kwanza ilikuwa nzima, pole.

Mwl_Rau (Moshi)

Naomba niongeze kuhusu mwezi wa sita, maana hapo ndipo mafundi wamepotea. Mwezi wa sita jua huzama kaskazini mwa magharibi, karibu nyuzi 23. Ukuta wako unatazama kusini, kwa hiyo jua lilikuwa nyuma ya jengo na mlango ulikuwa kivulini. Tarehe 22 au 23 Septemba linazama magharibi kamili, yaani linapita sambamba na ukuta wako na kuingia moja kwa moja kwenye lile jicho. Desemba litakuwa limesogea kusini, litalipiga kwa ubavu. Machi linarudi pale pale. Kwa hiyo hata usipofanya kitu, ukifika mwezi wa tano utasema limepona.

MamaPovu

Mwalimu, na fundi angekuja mwezi wa tano angelipwa kwa kulitibu! Sasa dawa?

FundiShata

Badilisha macho. La kupokea lihamie mwimo wa magharibi, litazame mashariki, jua la jioni lilipige kisogoni. La kurusha halijali jua, halisikilizi chochote. Kazi iko kwenye waya: upande wa magharibi huenda walivuta waya mbili tu, itabidi kuvuta kebo ya nyaya nne au zaidi, ipite kwenye bomba lake, isilale sakafuni kwenye maji.

Swali: asubuhi saa moja kuna nini upande wa mashariki?

MamaPovu

Ukuta wa jirani anayeuza mbao, mrefu. Jua linatufikia karibu saa tatu.

FundiShata

Umebahatika, saa hizo jua liko juu. Bado, livishe kila jicho bomba la PVC la inchi mbili, urefu sentimita 20, ndani upake rangi nyeusi isiyong'aa. Kwa kipimo hicho jua haliingii mpaka liwe ndani ya nyuzi 14 hivi kutoka usawa wa jicho. Jua linatembea nyuzi 15 kwa saa, kwa hiyo bomba peke yake lingekuachia usumbufu wa saa zima la mwisho kabla ya kuzama. Ndiyo maana nimetanguliza kubadilisha macho.

Chalii_wa_Njiro

Kwa nini asiweke ile ya rada? Haijali mwanga.

Kijana_wa_Majengo (Moshi)

Ni kweli haijali mwanga, ila inajali kinachotembea. Tulijaribu sehemu ninayofanya kazi: maji ya presha yakiruka, inaona mtu. Shata likitikisika, inaona mtu. Tukaishia kukata sakafu na kulaza kitanzi cha waya. Kinahisi chuma cha gari, hakina habari na jua wala povu. Lakini kama zege lako limejaa nondo karibu na juu kinasumbua kukirekebisha, na mtu kwa miguu hakimwoni kabisa, kwa hiyo yale macho lazima yabaki.

MamaPovu

Wiki ya pili sasa. Macho yamebadilishwa, kebo mpya imevutwa, mabomba yamefungwa. Jioni ukibonyeza mara moja tu, shata linashuka. Jana tu liligoma mara mbili, tukakuta bampa la kromu la gari lililosubiri nje linarudisha jua ndani ya bomba. Tukamwomba dereva asogee mita moja.

Lile jicho la zamani nimelihifadhi kama spea.

Kibopa_Sanawari

FundiShata, njoo PM tuongee habari za geti langu.

FundiShata

Nakuja. Mama, toboa tundu dogo chini ya kila bomba, maji yatoke. Na kila Jumamosi kijana achungulie ndani kwa tochi na kufuta kioo kwa kitambaa laini, maana povu likikauka linaweka utando. Nyigu nao wanapenda sana bomba jeusi. Wakijenga humo, utakuja hapa kutuambia jua limerudi.