Swali la sayansi ulilojibu ulichokiona kwa macho yako, ukapewa kosa: tupeane uzoefu

#1
Wakuu, juzi mwanangu wa darasa la tano kaniuliza maji yanachemka nyuzi ngapi, nikacheka peke yangu. Nimesoma Mbeya. Kidato cha pili tuko maabara, maji yanatokota, mapovu yanapanda, zebaki imegoma kwenye 94. Nikaandika 94. Jirani yangu kaandika 100 bila hata kuchungulia, kapata vema. Mimi kosa, eti kipimajoto kibovu. Tukabadilisha vitatu, vyote "vibovu".

Baadaye sana ndo nikaelewa: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa (jinsi hewa inavyoyakandamiza maji) ni ndogo, maji yanachemka kabla ya kufika 100. Hiyo 100 ni ya watu wa pwani. Na kwa kuwa maji yanatokota yakiwa na joto pungufu, maharage kule yanachelewa kuiva, yanamaliza mkaa!

Haya, na wewe?

#2
Afadhali wewe. Mimi Dar: "Jua la saa sita mchana, kivuli kinakuwa wapi?" Kitabu: chini ya miguu. Ilikuwa Juni, na dirishani namwona mlingoti wa bendera, kivuli kimelala kusini, zaidi ya nusu ya urefu wake. Nikaandika kusini. Kosa. Kumbe Dar jua linapita utosini mara mbili tu kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na karibu Oktoba 10. Juni liko kaskazini kwetu.

#3
Soda ikitoka kwenye friji chupa inalowa nje. Niliandika "inavuja". Mvuke wa hewani ukigusa ubaridi unageuka maji, basi. Kosa langu halali 😂

#4
Mnamsahau Erasto Mpemba? Lushoto, 1963, yuko sekondari, wanatengeneza askirimu. Maziwa yake kayatia kwenye friza yangali moto, anaogopa kukosa nafasi. Yakawahi kuganda kuliko ya mwenzake ambayo hayakuchemshwa. Kuuliza, akaambiwa amechanganyikiwa. Baadaye akamuuliza Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia kutoka Dar; yule akaenda kupima. 1969 wakachapisha pamoja. Sababu bado inabishaniwa, wengine wanadai hata haitokei kila mara.

#1
@4 askirimu imenishinda, friza langu halina subira. Mwanangu nimemwambia aandike "100, kwenye usawa wa bahari". Tunasubiri daftari lirudi.