Wauza muvi wa Dodoma, nani kawatuma mzikate muvi za zamani na kuzisemea juu?

Wakuu habari za jioni, leo sina salamu ndefu maana nimevurugwa. Huu uzi ni wa wenye maduka ya kuingiza muvi kwenye flashi hapa Dodoma, kuanzia Majengo, Sabasaba, Makole, Chang'ombe mpaka kule Ng'ong'ona mnakokula hela za wanafunzi wa UDOM. Sitaji duka la mtu, wenyewe mnajijua. Mnachotufanyia sisi tunaopenda muvi za zamani ni dharau, afu mtu akija kulalamika mnamcheka.

Juzi nimeomba Seven Samurai ya muongozaji Akira Kurosawa, ile ya Kijapani ya 1954. Kijana kaitafuta kwenye kompyuta kaipata, nimelipa, nimeenda zangu home Nkuhungu nimefunga mlango. Picha linaanza vizuri kabisa, wakulima wamechoka kuporwa mavuno, mzee wa kijiji anawaambia nendeni mkatafute samurai wenye njaa, wanapatikana mmoja mmoja mpaka wanatimia saba, wanafika kijijini wanaanza kuwafundisha wakulima kushika mikuki, majambazi hata hawajashambulia bado, mara maandishi ya Kijapani kwenye kioo, muziki, kimya. Imeisha. Wakuu yale ni mapumziko! Ile muvi ina dakika 207, ilikuwa na mapumziko yake katikati watu wakanyooshe miguu, na faili lao limekatiwa hapo hapo. Nimerudi kudai nusu iliyobaki, kijana ananiangalia usoni kabisa ananambia "braza sizoni two bado haijatoka".

Sizoni two ya muvi ya 1954. Kurosawa mwenyewe amefariki 1998, sasa huyo anayeitoa ni nani?

Na hela sijarudishiwa, nimeambiwa nichague nyingine ya kufidia, kwenye folda ya kufidia kulikuwa na zombi za Kikorea tu.

Ngoja niende kwenye kinachoniuma zaidi, hii ya kusemea juu. Kabla hamjanirukia, sina ugomvi na muvi zilizotafsiriwa kwa ujumla. Nimekulia kwenye vibanda umiza, Commando ya Schwarzenegger nimeielewa kwa mdomo wa mtafsiri na wala sijutii, mama yangu mdogo hajui Kiingereza anaangalia za Jackie Chan zilizotafsiriwa anacheka mpaka anashika mbavu, na waliotuanzishia ile kazi nawaheshimu sana. Muvi ya mabomu isemee utakavyo, bomu halikosi kusikika. Lakini kuna muvi ambazo ukimya ndio muvi yenyewe, na hizo mkiziona hamjui hata mmeshika nini.

Once Upon a Time in the West ya Sergio Leone, 1968. Mwanzo wa lile picha jamaa watatu wenye makoti marefu yaliyojaa vumbi wanamsubiri mtu kwenye stesheni ya mbao katikati ya jangwa. Muziki wa picha zima katunga Ennio Morricone lakini hapo mwanzoni hausikii muziki kabisa, na maneno ni ya kuokoteza. Kuna kinu cha upepo kinalia kwa kukosa grisi, kinalia kinalia mpaka kinakuingia kwenye meno. Woody Strode kasimama, tone la maji linamdondokea kwenye upara, hasogei, anavaa kofia, matone yanaendelea kudondoka juu ya kofia, baadae anaivua anakunywa yale maji yaliyojikusanya. Jack Elam kakaa anasumbuliwa na inzi anayemtembelea mdomoni, ni mvivu hata wa kunyanyua mkono, anampuliza tu, mwisho anamnasa kwenye mtutu wa bastola anaziba na kidole, anamsikiliza anavyolia humo ndani huku anatabasamu. Treni linakuja, linaondoka, wanajua mtu wao hajashuka, wanageuka waondoke, ndo unasikia kinanda cha mdomo upande wa pili wa reli. Mtu wa Dodoma hii sini haihitaji tafsiri, kama umewahi kusubiri treni la reli ya zamani pale stesheni saa nane mchana, jua na upepo wa hapa unavijua.

Sasa kopi niliyouziwa. Kuanzia sekunde ya kwanza kuna DJ anapiga kelele, "oyaaa wadau wangu mambo ndo hayo yanaanza, majambazi washaingia mjini, huyu mwenye upara mnayemuona hapa ni hatari, msije mkasema sikuwaambia", inzi anatua yeye anatangaza namba ya simu ya duka, tone linadondoka yeye anawasalimia washkaji zake wa mtaani kwa majina, na chini ya kioo kuna tangazo linapita kama taarifa ya habari. Kinu sijakisikia. Inzi sijamsikia. Kinanda cha mdomo kimelia wakati jamaa anacheka vichekesho vyake mwenyewe. Na kabla Henry Fonda hajageuka tukaiona sura yake baada ya ile familia kuuliwa, DJ kashatwambia "adui mwenyewe ndo huyu hapa anakuja". Leone kamchukua mtu ambaye dunia nzima imemzoea akicheza watu wema, kamficha, kaizungusha kamera taratibu ili ushtuke ukiona ni yeye, we unakuja kunitangazia kama unaita abiria wa Nane Nane!

Ya Chaplin ndo nilitaka kulia. Modern Times ya 1936. Wakati huo sinema za sauti zina karibu miaka kumi sokoni na Chaplin kakomaa, yule mzururaji wake haongei, wanaoongea humo kwa sehemu kubwa ni mitambo, bosi wa kiwanda anafoka kupitia kwenye skrini, mashine inajinadi yenyewe. Mpaka mwishoni kabisa, kwenye mgahawa, anatakiwa kuimba, maneno ya wimbo kayaandika kwenye mkono wa shati, mikono ya shati inachomoka inaruka, anabaki hana maneno, ndo anafungua mdomo anaimba lugha isiyokuwepo duniani. Ni mara ya kwanza watu wanamsikia yule mzururaji akitoa sauti kwenye sinema, miaka yote hiyo walikuwa wanamuona tu. Kopi ya Dodoma Chaplin anaongea tokea dakika ya kwanza! Wamempa sauti ya kipuuzi puani, anaitwa Juma, anatukana, anaomba buku. Ikifika ile sehemu ya kuimba wameikata kwa sababu eti "hapo hakuna stori".

Psycho ya Hitchcock ya 1960 nisiizungumzie sana nisije nikawaharibia ambao hawajaiona. Hitchcock alikomaa na kumbi za sinema kwamba ikishaanza asiingie mtu, uliyechelewa subiri inayofuata, siri isivuje. Huyu wa kwetu katoa siri yote kwenye utangulizi, kabla hata majina hayajaisha. Basi.

Afu kuna hii ya kuvuta picha ijae kwenye flatiskrini. Wakuu muvi za zamani zina maumbo tofauti, kuna zilizopigwa pana sana na kuna ambazo zinakaribia mraba, ile mistari myeusi pembeni sio ugonjwa, iacheni. Casablanca ya 1942 nimepewa Humphrey Bogart kavutwa kanenepa uso kama ana mampsi, na juu yake ni ile iliyopakwa rangi baadae, wakati ilipigwa nyeusi na nyeupe na ule moshi na vivuli vyake ndo uzuri wenyewe. The Good, the Bad and the Ugly nayo wamefanya kinyume, wamekata pembeni. Mwisho wa ile picha ni watu watatu kwenye duara katikati ya makaburi, kila mmoja anawatazama wawili, hajui ampige nani kwanza. Yale makaburi ni ya bandia, askari wa Hispania walifanya kazi ya kuyajenga kwa maelfu ili Leone apige ile sini. Kwenye kopi yangu wanaonekana wawili. Mmoja yuko nje ya TV.

Na wapenzi wa Kihindi msijione mko salama, Sholay ya 1975 wameitoa nyimbo zote eti kupunguza gigabaiti. Sawa, nyimbo nitazitafuta mwenyewe, lakini wamekata mpaka ile sehemu ya kwenye treni Amitabh Bachchan anarusha sarafu waamue na Dharmendra kama wamuokoe yule askari au wakimbie zao. Ukiitoa ile, sarafu inapokuja tena huko mbele unabaki unashangaa Dharmendra ana shida gani na kipande cha chuma. Mliokua na lile picha mnajua naongelea nini, pale watu wazima walikuwa wanajifanya wameingiwa na vumbi machoni.

Utetezi wao ni ule ule kila duka, "za zamani hazina watu braza". Hazina watu mmezionesha wapi? Ukutani mmebandika Fast and Furious na sizoni za Kikorea. Kuna muvi inaitwa Hatari!, ya Howard Hawks, 1962, John Wayne na wenzake wanakimbiza vifaru na twiga kwa magari, sehemu kubwa imepigwa hapa hapa kwetu ikiitwa Tanganyika, huko Momella na Arusha, na wale waigizaji kwenye kukimbiza walikuwemo wenyewe, hakuna kompyuta hapo. Nimeuliza kwenye maduka yote ninayoyajua hakuna aliyewahi hata kuisikia, mmoja kanipa katuni ya simba. African Queen ya 1951, iliyompa Bogart Oscar yake pekee, kamera zilikuwa Uganda na Kongo lakini hadithi yake iko kwenye Afrika Mashariki ya Mjerumani, yaani hapa, na riwaya iliyotolewa muvi ilichochewa na vita ya meli Ziwa Tanganyika, meli ya Mjerumani ya vita ile ile ndo hii Liemba ya Kigoma mnayoijua. Mwekee mzee yeyote wa Kigoma hapo Majengo uone kama hatakaa mpaka mwisho. Watu wapo, mnaowatafuta ni wale wasiojua kwamba wameibiwa dakika arobaini.

Ninachotaka sio kikubwa. Kopi nzima, isiyosemewa, na sabtaito pembeni kama faili lake, anayetaka ya DJ mpe ya DJ, ziandikeni tu tofauti. 12 Angry Men andikeni ni ya mwaka gani, maana nimeomba ya Sidney Lumet ya 1957 nimepewa ya 1997 kisa "ni ile ile ila ina rangi". Ya 1997 sio mbaya wakuu, George C. Scott yumo anafoka vizuri tu, ila kwenye ya Lumet kadiri wale wazee kumi na wawili wa baraza la mahakama wanavyobishana kamera inashuka na lenzi zinabadilishwa mpaka chumba kinaonekana kinawabana, unatokwa jasho na wewe. Niliitaka hiyo.

NYONGEZA: Kuna mkuu hapo chini kasema nalalamikia mali ya wizi. Hoja naipokea nusu. Nioneshe duka Dodoma linalouza Kurosawa halali nikalipie kesho asubuhi. Na mbona Night of the Living Dead ya 1968 haina wizi wowote huko Marekani, walipobadilisha jina la muvi waliachia alama ya hakimiliki ikapotea, ikawa mali ya umma, na hiyo nayo mmeikata mwisho! Ule mwisho! Aliyeiona anajua kwanini ukiukata ule mwisho umebaki na muvi nyingine kabisa.

NYONGEZA 2: Nashukuru mlionitumia majina ya vijana wa Area C na Kisasa wanaotunza kopi safi, nitawacheki wikendi. Natafuta pia za kwetu Afrika, La Noire de... ya Sembène ya 1966, Touki Bouki ya Mambéty ya 1973, na Arusi ya Mariamu ya 1985 ambayo ni ya Bongo kabisa na inatia aibu kwamba naitafuta kama dawa adimu. Mwenye nazo nzima aje inboksi, diski ninayo, nitakufuata hata kama uko Kondoa.

NYONGEZA 3: Wewe uliyeniuliza kama Seven Samurai sizoni two nikiipata nikurushie, rudi juu usome uzi upya.