Mafundi wa ndege mnaobadilisha magneto kabla ya kupima plagi, mtatuua

Wakuu, nimevumilia ila leo imetosha. Tuna ndege ndogo ya zamani, Cessna 172, injini Lycoming O-320, inalala Arusha. Karakana tuliyoipeleka siitaji jina, iko mkoa mwingine, lakini wahusika wakisoma hapa watajijua.

Tatizo lilikuwa la kawaida kabisa. Injini ina magneto mbili, vifaa vinavyozalisha umeme wa cheche, na kila silinda ina plagi mbili, moja kwa kila magneto. Kabla ya kuruka unapandisha injini mpaka mizunguko 1,700 kwa dakika, unageuza swichi ibaki magneto moja tu huku ya pili ikizimwa, halafu unabadilisha. Kitabu cha ndege kinasema isishuke zaidi ya 125, na tofauti ya magneto hizo mbili isizidi 50. Ya kushoto ikawa safi. Ya kulia ikaporomoka zaidi ya 200, injini ikatetemeka mpaka dashibodi inagonga. Tukapunguza mafuta kwenye mchanganyiko, tukaipandisha ili uchafu wa madini ya risasi unaotoka kwenye mafuta uungue kwenye plagi. Wapi!

Sasa nauliza: injini ikitetemeka vile, si maana yake kuna silinda haichomi? Taimingi, yaani wakati wa kutoa cheche, ikikosewa kwa kawaida mizunguko inashuka sana lakini injini inaendelea kuunguruma laini. Kipimo chake hakina gharama. Washa injini ikiwa imepoa, iache kwenye magneto mbovu peke yake kwa muda mfupi, zima, kisha pima joto la bomba la ekzosi la kila silinda. Lililo baridi ndilo lenye kesi. Pale unafungua plagi moja tu, unaipima kwa mita, ikizidi omu 5,000 haifai. Una wasiwasi? Ihamishie silinda nyingine. Tatizo likiifuata, plagi ndiyo mbovu. Likibaki palepale, angalia waya unaoleta umeme kwenye plagi ya silinda ile.

Wale wa karakana hawakupima chochote. Wakafunga magneto nyingine, bili ikaja, mtetemeko uko vilevile. Wakageuka, eti tuagize seti nzima ya nyaya kutoka nje. Tukaita fundi mwingine, mzee mtaratibu. Akapitisha kipima joto kwenye mabomba, akafungua plagi ya chini ya silinda namba 3, akaweka mita: haisomi kitu, yaani umeme haupiti kabisa. Plagi moja, wakuu. Plagi moja!

Lakini hela siyo iliyonileta hapa. Siku ndege iliporudi kutoka karakana, tukageuza swichi kwenye kushoto, mshale wa mizunguko haukusogea hata kidogo. Kijana mwanafunzi akafurahi, akadhani haishuki kwa kuwa ni nzima. Hapana! Isiposhuka kabisa, kuna magneto haizimiki. Tukafungua kofia ya injini, tukakuta nati ya waya wa kuzimia kwenye magneto waliyoifunga wao imelegea, waya unacheza. Maana yake hata ufunguo ukiwa mfukoni magneto ile iko hai, na mtu akisukuma propela kwa mkono injini inaweza kuwaka na kumkata. Na pale kwetu wanafunzi ndio wanaosukuma ndege kuingiza hanga!

Nimewaandikia nikitaka hela ya magneto irudi na waandike kwenye kitabu cha matengenezo kwamba waya ule uliachwa umelegea. Wamekataa yote mawili. Kama kuna mwenye ndege humu aliyewahi kupeleka malalamiko ya aina hii TCAA (Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania), aniambie alianzia wapi na walimtaka vielelezo gani. Picha za ile nati ninazo.