Tupeane uzoefu: Nani aliwahi kumiliki Palm, Psion au kompyuta nyingine ya mkononi kabla ya simu janja?

Mtoto wa Ngamiani (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni. Leo nimefungua begi la vyeti natafuta cheti cha kuzaliwa cha binti yangu, nikakutana na Palm IIIxe yangu. Nimekaa sakafuni nusu saa, cheti nimekisahau.

Kwa vijana: hicho ni kidude cha mwaka 2000, kinaenea kiganjani, kioo kijivu kisicho na rangi, kumbukumbu MB 8. Picha chache tu za simu yako ya leo zinaijaza. Simu hakipigi. Kina anwani, kalenda, orodha ya shughuli na daftari. Kaka yangu alirudi nacho kutoka Uingereza, nami nikatembea nacho mfuko wa shati kama daktari bingwa.

Raha yake ilikuwa kuandika. Unaandika kwa kijiti, lakini si herufi za darasani. A ni paa la nyumba tupu, bila mstari wa katikati. T unaichora kama 7. Nafasi ni kamstari kwenda kulia. Ukikosea, kamstari kurudi kushoto. Mwandiko huo waliuita Graffiti. Baada ya miezi miwili mkono ukazoea kabisa, nikajaza fomu benki, karani akaniuliza, "Kaka, hizi A zako mbona hazina mikanda?"

Sasa kisa chenyewe. Mama alikuwa na duka, na daftari la madeni lilikuwa limechakaa, kurasa zimelowa mafuta ya taa. Nikajitia msomi, nikahamishia madeni yote kwenye Palm. Kila jioni Mama ananitajia, mimi nachora. Lile daftari tukafungia vitumbua.

Kile kidude kilitumia betri mbili nyembamba, za rimoti. Kila kitu kilikaa kwenye kumbukumbu inayotegemea umeme wa hizo betri. Ukizitoa, una kama dakika moja ya kuweka nyingine, ikipita umebaki na kioo kitupu. Ndiyo maana kulikuwa na kile kitako chake cha kuunganisha na kompyuta ya mezani, ubonyeze kitufe, kila kitu kinakiliwe. Mimi kompyuta ya mezani niliipata ofisini tu, na nilikuwa likizo.

Jumamosi moja kulikuwa na mechi. Mdogo wangu akaona rimoti haifanyi kazi. Mnaona inakoelekea.

Nilipomwambia Mama nilikuwa natetemeka. Hakufoka. Akasema, "Lete kalamu na daftari jipya." Akanitajia watu thelathini na mmoja, mmoja baada ya mwingine, na sukari nusu, na sabuni mche mmoja, na siku waliyochukua. Muda wote ule nilikuwa namwekea kumbukumbu mtu asiyezihitaji.

Haya, tupeni vyenu.

Mkaazi wa Zamani

Umenikumbusha mbali bwana. Miye nilikuwa nasoma London, katikati ya miaka ya tisini, nikanunua Psion Series 3a ya mkono wa pili. Yenyewe inafunguka kama kisanduku cha miwani, ina kibodi kamili, betri mbili za AA. Hakuna kijiti, unabonyeza. Insha zangu zote nimeandika ndani ya basi.

Ndani yake ilikuwa na ramani ya dunia. Unachagua mji, inakwambia saa ngapi huko, namba ya kupigia, na jua linachomoza na kuzama saa ngapi. Ramadhani za miaka ile ziliangukia baridi, jua linazama saa kumi na kitu, miye nimo darasani. Natazama Psion chini ya meza, tende iko mfukoni. Mwalimu hajajua mpaka leo.

Jengine: ilikuwa inapiga simu bila waya. Unatafuta jina, unaisogeza karibu na mdomo wa simu ya nyumbani, inatoa ile milio ya namba, simu inaita. Wageni walikuwa wakitaka niwaonyeshe mara tatu tatu.

Fundi Kimya

Aliyebuni Palm, Jeff Hawkins, kabla ya kuitengeneza alichonga kipande cha mbao cha ukubwa ule ule akatembea nacho mfukoni. Mtu akimwomba miadi, anatoa ubao, anajifanya anaandika. Kwetu wangemtafutia mganga.

Na kwa aliyetaja Psion: programu endeshi yao, EPOC, ndiyo iliyozaa Symbian mwaka 1998, programu endeshi ya simu nyingi za Nokia za zamani.

Pwani Raha

Kwa hiyo Nokia N70 niliyoringa nayo Mombasa nzima ni mjukuu wa Psion? Ningejua ningeipa heshima zaidi, badala ya kuibadilisha na redio ya gari.

Mdadisi wa Kusini

Mimi sikumiliki, nilikabidhiwa. Mwaka 2004 nilikuwa mdadisi kwenye utafiti wa kaya huku Lindi na Mtwara, tukitumia Palm badala ya madodoso ya karatasi. Aliyewahi kubeba madodoso kwa baiskeli kwenye mchanga atanielewa.

Uzuri wake ni kwamba ukijibu swali moja, lisilohusika linarukwa lenyewe. Zamani ulikuwa unamaliza kijiji kizima ndipo msimamizi anagundua umemwandika babu ana mimba. Jioni ndiyo kazi: kuchaji kwa betri ya gari, kunakili kwenye kadi, kuhesabu vijiti. Kijiti kikipotea unaandikia kucha.

Bibi mmoja Newala alinitazama nagonga gonga kile kioo, akauliza, "Mjukuu wangu, unanihoji au unacheza bao humo?" Nikamwonyesha jina lake. Hakujua kusoma, lakini alikishika kwa mikono miwili muda mrefu, kisha akawaita majirani waje waone alipoandikwa.

Fundi Kimya

Mleta mada, tia betri mbili mpya. Itakuomba uguse katikati ya alama kwenye kioo ili ijipime, halafu itawaka. Zangu mbili bado zinawaka.

Mtoto wa Ngamiani

Nimeweka, mkuu. Imewaka! Tupu, lakini imewaka. Na mkono bado unaikumbuka A.

Barabara ya 14

Samahani wakuu, nimesoma kimya kimya tangu mwanzo. Hilo duka lilikuwa na mwarobaini mbele na benchi la kijani?

Mtoto wa Ngamiani

Ndilo. Nimempigia Mama sasa hivi, nikamwambia kuna mtu wa barabara ya kumi na nne ameuliza. Anakusalimu. Anasema mchele kilo mbili.