Waya ghali wa spika: tusadiki mita au sikio?

Spika_Langoni
Salaam aleikum. Chumba ni cha jumba la mawe hapa Lamu, upana mita 2.8, urefu 6. Spika za omu 8 (omu ni kipimo cha ukinzani wa umeme) ziko ukuta mrefu, kiti kimeegemea ukuta wa pili. Waya ni shaba ya 2.5 mm², mita 5 kila spika. Besi yavuma. Muuzaji ashikilia kuwa waya wake wa bei ya juu "utaisafisha", na jamaa wawili wasema waisikia tofauti. Mita ya kupimia haionyeshi kitu. Nimsadiki nani?

FundiMkomani
Waleikum salaam. Piga hesabu kwanza. Shaba hiyo ina takriban omu 0.007 kwa mita. Kwenda na kurudi mita 10, yaani omu 0.07. Mbele ya omu 8 wapoteza chini ya desibeli 0.1 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti). Hapo hapana besi ya kusafishwa. Ila chumvi ya bahari ni kweli: ncha zikiota kijani, kata sentimita mbili, menya upya, kaza. Waya mpya husifiwa mara nyingi kwa sababu hiyo tu, umefungwa upya.

Hao jamaa wajaribiwe bila kuona. Piga mlio wa hezi 400 (mitetemo 400 kwa sekunde), weka mita ya volti kwenye vifungio vya spika, waya zote mbili zisipishane zaidi ya volti 2.00 na 2.02. Sauti ikizidi kidogo, sikio huiita "bora". Mtu mwingine abadilishe waya kwa kurusha sarafu, mara 16, nao wataje ni upi. Atakayepatia 12 ana hoja. Kwa kubahatisha, kufika hapo ni kama mara 4 kwa 100. Akipatia 9, basi.

Vali_Malindi
Kwa waya sina neno, lakini mafundi nanyi msijitape. Amplifaya ya vali (zile taa za kioo za zamani) yenye omu 2 upande wa kutolea, ukiifunga spika inayopanda na kushuka kati ya omu 4 na 20, yapindisha mlingano wa milio kwa desibeli 2.7 hivi. Anayesikia hajaota. Karatasi ya kiwanda haionyeshi kwa kuwa walipima kwa rezista, ambayo omu zake hazibadiliki kama za spika.

FundiMkomani
Kweli, ndiyo maana hupimwa spika yenyewe ikiwa imefungwa.

Spika_Langoni, shida yako ni boriti za dari. Urefu wake ndio upana wa chumba, na kuta za matumbawe hazinywi besi. Mwendo wa sauti ni mita 348 kwa sekunde: 348 ÷ (2 × 2.8) = hezi 62, mlio unaorushwa ukuta kwa ukuta, na ukutani ndipo unapovimba. Sogeza kiti sentimita 70 mbele, mlio huo ushuke kama desibeli 3. Usifike katikati kabisa, hapo mlio huo utapotea. Mikeka na mapazia hupunguza mwangwi wa milio ya juu, si huu.