Majalada yanazagaa tena wiki tatu baada ya kupangwa

Wakuu, masjala yetu ina majalada 400 hivi. Tunayapanga vizuri, lakini baada ya wiki tatu yako mezani kwa maofisa na hakuna ajuaye lipi liko wapi. Tufanyeje?

Jibu 1
Mnapanga rafu, hamfuatilii mwendo. Jalada likitoka, pachike kadi ngumu mahali pake: namba ya jalada, aliyechukua, tarehe. Kadi ichomoze sentimita 2 hivi, la sivyo itamezwa na majalada ya jirani. Ofisa akimpasia mwenzake jalada bila kupitia masjala, kadi inasema uongo. Ugonjwa wenu nadhani uko hapo.

Jibu 2
Naongezea. Kila Ijumaa saa tisa mtu mmoja apite meza kwa meza akiwa na orodha ya kadi. Dakika 20 zinatosha. Mkingoja mwisho wa mwezi ni kazi ya siku nzima.

Jibu 3
Barua ipewe namba ya folio, yaani namba yake ya mfuatano ndani ya jalada, siku ileile inapoingia, kona ya juu kulia. Zikifika 100, fungeni jalada, mfungue juzuu ya pili, maana likinenepa uzi hukata matundu ya karatasi. Na jalada la “Mengineyo” lifuteni kabisa!

Muuliza swali
La “Mengineyo” tunayo matatu, mkuu.